Ukisusia uchaguzi, kiti chako anakalia nani?

Barua za safari hii karibu zote zinauliza jambo moja. Nimezifupisha, na majina ya waandishi nimeyaacha kama wengi walivyoomba.

Mwalimu, shikamoo. Hapa kijiweni kwetu Ujiji tumebishana mpaka kahawa ikapoa. Mmoja anasema wapinzani wakisusia uchaguzi wa bunge, bunge hilo ni batili, na mfano wake ni Burundi mwaka 2015. Mwingine akamjibu kwamba Burundi hiyohiyo wapinzani walisusia na bado wakaingia bungeni. Wote wawili wanaapa. Nani mkweli?
*Msomaji, Ujiji*

Marahaba. Huyo wa pili ndiye mkweli, ingawa kahawa alipie yeye, maana hakuwaeleza ilikuwaje.

Tarehe 25 Aprili 2015 chama tawala cha CNDD-FDD kilimpitisha Rais Pierre Nkurunziza kugombea muhula wa tatu. Kesho yake maandamano yakaanza Bujumbura: Musaga, Nyakabiga, Cibitoke. Tarehe 13 Mei, Rais akiwa Dar es Salaam kwenye mkutano wa wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, Jenerali Godefroid Niyombare akatangaza kwamba amempindua. Mapinduzi hayo hayakufika mbali, yakazimwa. Uchaguzi wa wabunge ukasogezwa mbele, ukasogezwa tena, hatimaye ukapangwa tarehe 29 Juni. Siku chache kabla, vyama vya upinzani vikasema havishiriki. Umoja wa Afrika nao ukasema hautapeleka waangalizi. Spika wa Bunge, Pie Ntavyohanimana, akaibukia Ubelgiji. Sanduku za kura zikafunguliwa hivyohivyo.

Sasa tazama hesabu. Viti vya kupigiwa kura ni 100. CNDD-FDD ilipata 77. UPRONA viwili. Na muungano wa wagombea huru wa Amizero y'Abarundi, wa Agathon Rwasa na Charles Nditije, ambao ulikuwa umetangaza kususia, ukapata 21.

Ilikuwaje? Orodha zao zilikuwa zimeshapokelewa na tume, na majina yao yakabaki kwenye kura. Tamko la mbele ya waandishi wa habari halifuti orodha. Wapo wapiga kura ambao tangazo halikuwafikia, maana redio binafsi zilizosikilizwa sana zilikuwa zimeshambuliwa na kufungwa wakati wa jaribio la mapinduzi. Wapo walioogopa kuonekana hawakwenda. Kidole kisicho na wino wakati ule kilikuwa na maswali yake. Na wapo waliosikia vizuri, wakaamua kwamba wakishaingia kituoni kura ni yao, si ya msemaji wa chama.

Ngoja, haijaisha. Katiba ya Burundi ya mwaka 2005, iliyokuwa ikitumika wakati ule, ilitaka Bunge liwe na Wahutu asilimia 60, Watutsi asilimia 40, wanawake wasiopungua asilimia 30, na Watwa watatu. Kura zisipoleta uwiano huo, tume ilipaswa kuongeza wabunge. Baada ya nyongeza, Bunge likawa na watu 121, na Amizero wakawa 30. Wametangaza kususia, wakapigiwa kura, kisha wakaongezwa tisa.

Nditije alikataa kuingia. Rwasa aliingia, na kabla mwezi Julai haujaisha akachaguliwa Makamu wa Kwanza wa Spika. Kuna waliomwita msaliti, na nadhani kwenye kijiwe chenu wapo hadi leo. Mimi simwiti hivyo. Rwasa alikuwa ameshaonja kususia mara moja kabla ya hapo, na alijua ladha yake.

Turudi nyuma miaka mitano. Mwezi Mei 2010 Burundi ilianza na uchaguzi wa tarafa. CNDD-FDD ikatangazwa kupata asilimia 64, na FNL ya Rwasa ikafuata kwa mbali na asilimia 14. Wapinzani wakasema wameibiwa. Wakaunda umoja wa ADC-Ikibiri, wakajitoa kwenye kila kilichobaki. Urais wa Juni Nkurunziza akagombea peke yake. Uchaguzi wa wabunge wa tarehe 23 Julai CNDD-FDD ikachukua viti 81 kati ya 106. Rwasa alikuwa ameshatoweka. Hakuonekana hadharani mpaka mwaka 2013.

UPRONA, chama cha Mwanamfalme Rwagasore, kiliamua kushiriki uchaguzi ule wa wabunge na kikapata viti 17. Chama cha FRODEBU-Nyakuri nacho vitano. Wakasemwa sana: vibaraka, wapenda posho. Basi tarehe 21 Machi 2014 serikali ikapeleka bungeni mabadiliko ya katiba, ambayo wapinzani walisema yangempa Nkurunziza njia ya muhula wa tatu. Zilihitajika kura 85. Zikapatikana 84.

Kura moja, msomaji wangu! Wale walioitwa vibaraka ndio waliokuwa kwenye viti siku hiyo. ADC-Ikibiri walikuwa nje, wakisikiliza redioni kama mimi na wewe. Najua mtanijibu kwamba mwaka uliofuata Mahakama ya Katiba iliruhusu muhula huo kwa tafsiri yake, kwa hiyo kura ile haikuzuia kitu. Ilizuia kwa mwaka mzima, na ilimlazimisha Rais aende kwenye muhula ule akiwa hana katiba mpya mkononi. Wangekuwapo na wale wa FNL na wa mpinzani mwingine, Alexis Sinduhije, sijui serikali ingethubutu hata kuupeleka muswada.

Ndiyo maana mtu akiniambia "tumesusia" huwa namuuliza: sheria ya nchi yenu inakifanya nini kiti usichokikalia? Kama jibu ni kwamba anapewa mwingine, basi umemwachia mwingine, na uwe na mpango wa nje ya bunge unaozidi uzito wa kiti hicho.

Kuhusu "batili": hapana. Uhalali machoni pa watu ni jambo moja, ubatili mbele ya sheria ni jambo jingine. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulioangalia uchaguzi ule ulisema mazingira hayakuwa huru wala ya kuaminika. Bunge hata hivyo likaapishwa, likapitisha bajeti, likatunga sheria, na Warundi wakazitii.

Kuna jambo jingine kwenye ile kura ya 2015, na nyie wa Ujiji mlikuwa jirani nalo. Mwezi Mei mwaka ule wakimbizi walimiminika Kagunga, kijiji kile cha mwambao mpakani, mpaka mchanga hauonekani. Kipindupindu kikaingia. MV Liemba ikawa inawabeba kuwaleta Kigoma mjini, wanapitia Uwanja wa Lake Tanganyika kabla ya kupandishwa mabasi ya kwenda kambi ya Nyarugusu. Nilikuwa nakwenda pale uwanjani kusaidia kuandika majina, kwa kuwa Kirundi nakisikia. Palikuwa na baba mmoja wa Nyanza-Lac, Kiswahili chake safi cha kambini. Alikuwa amekaa Mtabila miaka mingi, kambi ikafungwa mwaka 2012, akarudishwa kwao, na sasa ndiyo huyu tena. Katoa mfuko wa nailoni, ndani yake mna karatasi ya hospitali ya mtoto na kadi ya kupigia kura. Akaniuliza: "Mwalimu, siku ya kura mimi nitakuwa huku. Nitaandikwa nimesusa?"

Nikamwambia hutaandikwa chochote. Tume ilitangaza baadaye kwamba waliojitokeza ni kama asilimia 74. Kwenye ile asilimia iliyobaki yumo aliyesusia kwa msimamo, yumo mgonjwa, yumo mvivu, na yumo huyu baba na kadi yake kwenye nailoni. Zaidi ya watu laki moja walikuwa wameshavuka mipaka. Takwimu ya mahudhurio haitenganishi.

Mwalimu, hujambo? Mimi ni mtu wa Wete. Mwaka 2016 chama chetu kilisema hakimo, na sisi hatukwenda. Lakini matokeo yakasomwa na jina la Maalim Seif limo, na kura kapewa. Vipi mtu aliyejitoa ahesabiwe?
*Msomaji, Pemba*

Sijambo, ndugu yangu. Habari za Wete?

Ni ileile ya Rwasa, kwa sura nyingine. Uchaguzi wa tarehe 25 Oktoba 2015 ulifutwa na Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, tarehe 28 Oktoba. Ukaitishwa wa marudio tarehe 20 Machi 2016. CUF, chama chenu na cha Maalim Seif, wakasema hapana marudio, walishinda Oktoba. Tume ikajibu kwamba uteuzi wa wagombea ni uleule na hakuna aliyejitoa kwa utaratibu wa sheria. Karatasi zikachapwa na majina yote. Dk. Ali Mohamed Shein akapewa asilimia 91.4, Maalim Seif Sharif Hamad asilimia 1.9, kwenye uchaguzi ambao yeye hakuutaka.

Kwamba jina lilibaki, mimi naona si jambo kubwa. Kubwa ni lililofuata. Katiba ya Zanzibar, tangu mabadiliko ya mwaka 2010, inatoa nafasi ya Makamu wa Kwanza wa Rais kwa chama cha mshindi wa pili, ili mradi kimefikisha asilimia 10. Machi 2016 hakuna chama kingine kilichofikisha. Dk. Shein akaunda serikali bila Makamu wa Kwanza, na Serikali ya Umoja wa Kitaifa, ile mliyoipigia kura ya maoni Julai 2010 baada ya maridhiano, ikalala. Kwenye Baraza la Wawakilishi majimbo yakaenda CCM, na hata Pemba, ambako CUF ilikuwa haijui kushindwa.

Kususia kwenu kulikuwa na uzito nje, siwanyimi hilo. Shirika la Marekani la Changamoto za Milenia lilisimamisha msaada wa dola milioni 472 kwa Tanzania mwezi huohuo wa Machi, na uchaguzi wa Zanzibar ulitajwa kwenye sababu. Lakini fedha hizo zilikuwa za umeme kwa nchi nzima. Aliyeumia zaidi sidhani kama alikuwa waziri.

Mwaka 2020 Maalim aligombea tena, kwa tiketi ya ACT-Wazalendo, akatangaziwa asilimia 19 na ushei. Malalamiko yalikuwa mazito kuliko ya 2015, kwa maneno yenu wenyewe. Desemba akakubali kuapishwa Makamu wa Kwanza. Alifariki Februari 2021, miezi miwili na ushei ofisini. Kwa nini mzee yule, aliyesusia 2016, hakususia 2020? Nadhani alishaona miaka minne ya kuwa nje imezaa nini. Watu wake wa Pemba mnajua zaidi yangu kwa hili, niandikieni.

Assalaam alaykum, Mwalimu. Nafanya kazi Muscat, na kambi yetu nusu ni Wabangladesh. Wanapogombana siasa, mmoja husema kususia kuliwasaidia, mwingine husema kuliwaua. Nimeshindwa kuwaelewa. Ipo kweli nchi ambayo kususia uchaguzi kulifaulu?
*Msomaji, Oman*

Waalaykum salaam. Hao wenzako wote wawili wako sawa, kwa sababu nchi yao imesusia kwa pande zote mbili.

Februari 1996 waliokuwa madarakani Bangladesh ni chama cha BNP cha Khaleda Zia. Awami League ya Sheikh Hasina ilitaka uchaguzi usimamiwe na serikali ya mpito isiyo na chama. BNP ikakataa. Awami League na vyama vingine wakasusia uchaguzi wa tarehe 15 Februari, lakini hawakulala nyumbani. Waliita migomo mfululizo: bandari, barabara, maduka. Watumishi wa serikali wenyewe wakatoka maofisini wakajiunga. BNP ilipata karibu viti vyote, na bunge lake likakaa siku chache tu. Kazi kubwa liliyofanya bunge hilo ni kupitisha hilohilo la serikali ya mpito. Mwisho wa Machi likavunjwa. Juni wakarudia uchaguzi, Awami League ikashinda.

Zamu ikageuka. Mwaka 2011 Awami League, sasa iko madarakani, ikaifuta ile serikali ya mpito. BNP ikasusia uchaguzi wa tarehe 5 Januari 2014. Kati ya viti 300, viti 153 vikapita bila kupingwa. Yaani zaidi ya nusu ya bunge ilipatikana kabla sanduku la kwanza halijafunguliwa! Migomo ilikuwapo, watu walikufa, lakini safari hii watumishi hawakutoka na jeshi halikutikisika. Serikali ikamaliza miaka yake mitano. BNP walishiriki mwishoni mwa 2018, wakasusia tena Januari 2024. Hasina aliondolewa Agosti 2024 na vijana walioanza na madai ya nafasi za ajira serikalini. Bunge halikuhusika.

Kwa hiyo tofauti ya 1996 na 2014 haikuwa kwenye kususia kwenyewe. Ilikuwa ni nani mwingine aliyesusia pamoja nao: karani wa wizara, mpakua meli wa Chittagong, mwenye duka. Ukisusia wewe na wanachama wako peke yenu, serikali inawahesabu, inaona mko wangapi, inaendelea.

Venezuela walijifunza vibaya zaidi. Desemba 2005 vyama vikubwa vya upinzani vilijitoa siku chache kabla ya kura. Robo hivi tu ya wapiga kura ndio waliojitokeza. Wapinzani wakangoja dunia ishtuke. Waliomuunga mkono Rais Hugo Chávez wakachukua viti vyote 167, wakatunga sheria miaka mitano bila mtu wa kuwauliza. Wapinzani waliporudi mwaka 2010 walipata viti 65, na mwaka 2015 wakapata 112. Yaliyolipata bunge hilo la 2015 ni kisa kirefu, lakini angalau lilikuwapo la kupatwa.

Mwalimu, kwani hakuna sheria inayosema watu wakiwa wachache uchaguzi urudiwe?
*Msomaji, Bukoba*

Kwetu hakuna. Wakija kumi, kumi hao wanaamua. Ziko nchi zilizowahi kuwa nayo: Serbia ilitaka nusu ya wapiga kura wajitokeze ndipo Rais apatikane, ikarudia na kurudia mwaka 2002 na 2003 bila kupata Rais, mpaka ikaifuta sharti hilo mwaka 2004. Hapa kwetu mwaka 2019, vyama vya upinzani vilipojitoa kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa kwa kulalamikia wagombea wao kuenguliwa, CCM ilichukua zaidi ya asilimia 99, na vijiji vingi havikufungua hata kituo. Wenyeviti wale ndio waliowagongea mihuri barua zenu za utambulisho kwa miaka mitano.

Mwalimu, shikamoo. Mume wangu ni mwanachama wa chama ambacho mwaka jana kilisema hakishiriki. Akanikataza kwenda kupiga kura, na kadi yangu akaifungia kwenye sanduku lake la nguo. Mimi si mwanachama wa chama chochote. Nilitaka tu kumpigia diwani anayetuhangaikia maji. Kadi mpaka leo hajanirudishia. Nifanye nini?
*Mama, Kasulu*

Marahaba, mama. Chama kilichosusia kimesusia wagombea wake. Hakiwezi kukususia wewe, wala mume hawezi kukusaidia kususia. Kadi ni yako, na mtu kukaa na kadi ya mwingine ni kosa kwa sheria za uchaguzi, awe mume awe mjumbe wa nyumba kumi.

Sikushauri uanze na sheria, maana ndoa ina mambo yake. Anza na mshenga, au na kaka yake mkubwa kama ni mtu wa busara. Zungumzieni maji, siasa muiache. Mwambie diwani ninayemtaka ni wa bomba, na ndoo tunabeba mimi na mabinti zako, si mwenyekiti wa chama. Asipoelewa, usigombane naye kwa ajili ya sanduku la nguo. Uboreshaji wa daftari ukifika, nenda kituo cha uandikishaji, ueleze kwamba kadi huna, upewe nyingine.

Na wewe bwana, maana najua gazeti hili unalisoma wewe kwanza: msimamo wako wa kutokwenda naukubali, ni haki yako. Fungua sanduku, toa kadi ya mwenzio.